Kikwazo Kisicho na Sahihi: Bati, Dhahabu na "Sheria ya Obama" Kusini mwa Maniema

Aprili 2011 tani moja ya bati iliuzwa London kwa zaidi ya dola 33,000. Kabla ya hapo bei haikuwahi kufika huko. Mwezi huohuo, tangu tarehe 1, mifuko ya kasiterite, ule mchanga mweusi mzito unaoyeyushwa kupata bati, ilikosa mnunuzi katika mashariki ya Kongo. Dunia ilikuwa na njaa ya bati kuliko wakati wowote, na mkoa wa Maniema wenye bati haukuweza kuuza.

Nani alifunga mlango? Hilo ndilo swali la mhadhara huu, na jibu lake si jepesi, maana kila anayetajwa anaweza kuapa kwamba si yeye.

Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ndefu ya kurekebisha mabenki ya Marekani baada ya msukosuko wa 2008. Ndani yake, mbali kabisa na mambo ya mabenki, kilichomekwa kifungu cha 1502. Kilizitaka kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya Marekani zieleze iwapo bati, tantali, tungsten au dhahabu zinayotumia inatoka Kongo au kwa jirani zake tisa, na kama biashara hiyo inawanufaisha wenye silaha. Kifungu hakikukataza kununua. Kiliagiza maelezo tu. Kuna kampuni zilizojitahidi kufuatilia. Nyingine ziliona njia rahisi ya kujieleza ni kutokuwa na la kueleza, yaani kuikwepa Kongo yote.

Kisha Kinshasa ikaongeza lake. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri ilidumu miezi sita, hadi Machi 2011. Wiki tatu baada ya kuondolewa kwake, viwanda vya kuyeyushia vilivyojiunga na mpango wa kampuni kubwa za elektroniki vikaanza kudai hati za asili ya madini, hati ambazo wakati ule hakuna mtu Maniema aliyekuwa nazo. Watu wa mashariki waliyafunga yote matatu katika jina moja: loi Obama, sheria ya Obama. Watafiti waliyaita embago ya vitendo, kwa sababu kwenye karatasi haikuwepo.

Tofauti kati ya karatasi na vitendo ina uzito wake. Kuba imewekewa embago na Marekani tangu Februari 1962, kwa tangazo lenye sahihi ya John F. Kennedy. Kwa kuwa ina sahihi, inaweza kupingwa. Mwaka 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kwa mara ya kwanza kutaka iondolewe: nchi 59 ziliunga mkono, 3 zilikataa, 71 hazikuegemea upande. Mwaka 2024 walioikataa embago hiyo walikuwa 187, na waliosimama nayo wawili tu, Marekani na Israeli. Kura hizo hazijaiondoa. Lakini kila mwaka mwakilishi wa Havana anapanda jukwaani, anataja hasara, na mwenye embago analazimika kujibu mbele ya ulimwengu.

Burundi nayo ilikuwa na pa kugonga. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, marais wa kanda walikutana Arusha wakaifungia biashara. Waliofunga walijulikana kwa majina, na Januari 1999 viongozi wa kanda walikutana wakafungua.

Maniema ingegonga wapi? Washington ingesema haikukataza kitu. Kampuni zingesema zinafuata sheria. Kinshasa ingesema imeshaondoa amri yake.

Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema, inajua tangu zamani maana ya biashara kuamuliwa mbali. Katika zama za mfanyabiashara Tippu Tip pembe za ndovu zilitoka mji huu kwenda mashariki, Ujiji, Tabora, hadi Unguja. Mwaka 1891 amri ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji iliwaagiza maofisa wake kuhifadhi meno ya tembo na mpira kwa ajili ya dola lake la Kongo, na njia ya pembe ikageuzwa ielekee magharibi. Vita vikafuata, na Aprili 1893 Kasongo ikaangukia mikononi mwa jeshi la dola hilo chini ya Francis Dhanis. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, ila mfanyabiashara wa Kasongo angeanza na ile ya pembe.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema watu wa mwambao wakiwawazia wapagazi wa misafara hiyo. Methali hiyo inafaa kuisomea ramani ya madini ya Maniema. Bati liko kaskazini zaidi, Kalima, Kailo na Punia. Kusini, katika eneo la Kabambare, mali ni dhahabu, na jina linalojulikana ni Namoya, jirani na Salamabila. Kasiterite ina uzito karibu mara saba ya maji. Mfuko wake hubebwa mgongoni, kwa baiskeli, kwa lori, mbele ya kila kizuizi. Dhahabu hukaa mfukoni. Kwa bei za Aprili 2011, gramu moja ya dhahabu ilikuwa na thamani kubwa kuliko kilo nzima ya bati.

Basi sheria iliyotaja madini manne ilikamata matatu. La nne, lenye kupendwa zaidi na wenye bunduki, liliendelea kuvuka mipaka kimyakimya kuelekea Bujumbura, Kampala na Dubai. Mwaka 2018 watafiti Nik Stoop, Marijke Verpoorten na Peter van der Windt walionyesha kwamba baada ya sheria hiyo fujo ziliongezeka hasa katika maeneo ya dhahabu. Kabambare haikuhitaji jedwali kulijua hilo: kundi la silaha la Mai-Mai Malaika lilizagaa kuzunguka Salamabila, na Banro, kampuni ya Kanada iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016, ilisimamisha shughuli 2019.

Upande wa bati, hesabu ilikuwa chungu zaidi. Dominic Parker na wenzake, katika utafiti wa 2016, walikadiria kwamba katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa, uwezekano wa mtoto mchanga kufa ulipanda kwa asilimia 143 au zaidi. Pesa ya machimbo ndiyo ilikuwa ikimlipia mama huduma na dawa za mtoto.

Upinzani ulikuja kwa njia ya maandishi. Agosti 2011 mwandishi David Aronson aliandika katika New York Times kwamba sheria inawaumiza iliotaka kuwaokoa. Septemba 2014 watu 70, Wakongo na wageni, wengi wao watafiti, walitoa barua ya wazi: wachimbaji wamepoteza riziki, wengine wanasukumwa kwenye makundi yaleyale ya silaha. Nao watetezi wa sheria hawakuwa watu wa kupuuzwa. Daktari Denis Mukwege, aliyewatibu wanawake walioumizwa na vita katika hospitali ya Panzi, aliitetea, na mashirika ya Enough Project na Global Witness yalikuwa na ushahidi wa wanajeshi kuligeuza chimbo la bati la Bisie, Kivu Kaskazini, kuwa shamba lao. Walikuwa sahihi kuhusu ugonjwa. Kosa lilikuwa kufunga kijiji kizima ili kumkamata mgonjwa mmoja.

Hata barua ya wale 70 ina pengo lake. Iliwasemea wachimbaji, na wachimbaji wenyewe hawakupewa jukwaa la kujisemea, kama Havana inavyopewa kila mwaka.

Mlango ulifunguliwa kidogokidogo, kwa lakiri. Mpango wa kufuatilia madini uitwao iTSCi ulileta vibandiko vyenye namba vya kufungia mifuko, na machimbo yakapangwa kwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Chimbo lililo mbali na barabara lilingoja miaka tume ifike ilipe rangi. Gharama ya lakiri ilishuka ngazi hadi kumfikia mwenye sururu.

Na yale maelezo yaliyodaiwa? Mwaka 2014 kampuni zaidi ya 1,300 ziliwasilisha ripoti zao za kwanza kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani. Nyingi zilikiri kwamba hazikuweza kujua madini yao yametoka nchi gani. Mwaka 2017 kaimu mkuu wa tume hiyo akatangaza kulegeza utekelezaji, bila sheria yenyewe kufutwa. Ulaya ikaja na ya kwake, iliyoanza kutumika Januari 2021.

Agosti 2025 Hazina ya Marekani ilitangaza vikwazo vingine kuhusu koltani, mawe yanayotoa tantali, ya Rubaya, Kivu Kaskazini. Safari hii karatasi ilikuwa na majina: kundi moja la silaha, ushirika mmoja wa wachimbaji, na kampuni mbili za Hong Kong.