Kiwavijeshi Huyu Hapiti

Leo nitazungumza nanyi juu ya kiwavijeshi vamizi, adui wa mahindi yetu.

Viwavijeshi wa zamani mnawajua. Huja kwa makundi mvua zinapoanza, hula mahindi na nyasi za malisho, kisha hugeuka nondo na kwenda zao na upepo. Mwaka 2017, vamizi alipoonekana Tanzania mara ya kwanza, mzee mmoja aliniuliza afanyeje. Nikamjibu, "Ngoja, mzee wangu, hawa ni wa kupita." Akangoja. Msimu ule alivuna magunzi. Kosa lilikuwa langu, na sitaki limpate mwingine.

Huyu hapiti. Kwao ni Amerika. Afrika alionekana kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi. Nondo wake aweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kaskazini mwa Marekani baridi kali humwua kila mwaka, mpaka wengine waje tena kutoka kusini. Kwetu baridi hiyo haipo. Mahindi ya mvua yakiisha, yeye yuko bondeni kwenye mahindi ya kumwagilia. Amehamia, ndugu zangu.

Basi usingoje kuona kundi. Tangu mahindi yachipue, pita shambani mara mbili kwa wiki. Tazama majani juu na chini. Mayai hukaa pamoja, 100 au zaidi, yamefunikwa kitu kama sufi. Yaponde kwa vidole hapo hapo, maana huanguliwa kwa siku chache tu. Ukiona majani yana vidirisha vyeupe, viwavi wangali wadogo. Wakati huo ndipo dawa husaidia. Muulize bwana shamba dawa ipi, na upulizie jioni. Kiwavi akishaingia ndani ya moyo wa mhindi na kuziba mlango kwa kinyesi kama unga wa mbao, dawa haimfikii. Mtoe kwa mkono, umwue. Utamtambua: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa 4 meusi yaliyopangwa mraba.

La mwisho: pandeni mapema, na mpande pamoja kijiji kizima. Anayechelewa peke yake huwapikia karamu nondo wa mashamba yote.

Kesho asubuhi, kabla ya jembe, anza na macho. Kwaherini.