Yai la Mgeni Katika Kiota: Ndege Wanaotaga kwa Wenzao na Wajibu Wetu wa Kutunza Nyasi za Kaniama

Mada kwa semina ya walimu, wakulima na wafugaji, Kaniama, jimbo la Haut-Lomami



1. Utangulizi

Mvua zikishaanza mwezi wa Oktoba, mabonde na nyasi za wilaya yetu hujaa viota. Ndege wengi husuka, hutaga, huatamia na kulisha. Lakini wapo wasiojenga kabisa. Hao hutaga katika viota vya wenzao na kuwaachia kazi yote ya malezi. Duniani kuna aina zipatazo mia za ndege wa namna hii, na Afrika imejaliwa wengi: kekeo, fumbwe, kiongozi-asali na wengineo.

Watu wengi wakisikia habari hizi huwachukia ndege hao na kuuliza kwa nini tusiwaue. Naomba kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa hapa kwetu na wa mbali. Hoja yangu ni moja: ndege anayetaga kwa mwenzake hawezi kuangamiza ukoo wa mwenzake mahali penye pori la kutosha. Anakuwa hatari pale binadamu alipokwisha kulifyeka pori hilo na kuwaacha wenyeji wachache, wasio na pa kujificha.

2. Jinsi wanavyofanya

Tumwangalie kwanza kekeo wa kijani anayeng'aa, Chrysococcyx caprius. Mwenyeji wake mkubwa ni mnana, yule ndege wa manjano anayechana majani ya michikichi na kusuka viota vinavyoning'inia. Jike la kekeo hungoja wenye kiota watoke. Akipata nafasi huingia haraka, hutoa yai moja la mwenyeji, hutaga lake, na kuondoka mara moja. Yai hilo huanguliwa mapema. Kinda wake, akiwa bado hana manyoya na macho hayajafunguka, hujiinamisha, hulipakia yai la mwenyeji mgongoni na kulisukuma mpaka litoke nje ya kiota. Baada ya hapo chakula chote ni chake.

Fumbwe mwenye mkia mrefu, Vidua macroura, hana ukatili huo. Dume lake mnalijua: jeusi na jeupe, domo jekundu, mkia unaopepea anapocheza hewani mbele ya jike. Jike hutaga katika viota vya vindege wadogo wa domo jekundu wa jenasi Estrilda, wanaokula mbegu za nyasi. Makinda ya fumbwe hulelewa pamoja na makinda ya mwenyeji bila kuwaua. Yakifungua kinywa, alama za ndani hufanana na za makinda ya nyumba hiyo, na mama huwalisha wote.

Kiongozi-asali, Indicator indicator, anapendwa na warina asali kwa kuwa huwaongoza hadi kwenye mizinga ya porini. Lakini kinda wake huzaliwa na ndoana kali kwenye ncha ya domo. Huko Choma, kusini mwa Zambia, watafiti Claire Spottiswoode na Jeroen Koorevaar waliweka kamera ndani ya viota vya keremkerem wadogo vilivyochimbwa ardhini. Mwaka 2012 walichapisha walichokiona: kinda wa kiongozi-asali, gizani na bila kuona, akiwauma makinda ya mwenyeji mpaka wafe.

3. Wenyeji nao wana kinga

Tusidhani kuwa wenyeji wanakubali tu kudhulumiwa. Huko huko Choma kuna vindege wadogo wa nyasi waitwao prinia. Mayai yao hutofautiana sana baina ya jike na jike: mengine meupe, mengine mekundu, mengine ya buluu, yakiwa na madoa na michirizi ya namna nyingi. Kila jike analijua yai lake, na akiona geni hulitupa. Mvamizi wao, Anomalospiza imberbis, naye ana mayai ya rangi nyingi, lakini jike mmoja hutaga ya aina moja tu maisha yake yote, hivyo mara nyingi hubahatisha na kukosea.

Mnana naye ana kinga kama hiyo, na historia imetupa ushahidi mzuri. Mnana wa Afrika walipelekwa kisiwa cha Hispaniola, katika bahari ya Karibi, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Huko hakukuwa na kekeo wa kutaga katika viota vyao. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kwamba mayai yao yamebadilika: mayai ya jike na jike yanafanana zaidi kuliko ya mnana waliobaki Afrika, na mayai ya tago moja hayalingani tena kama zamani. Maana yake ni kwamba kekeo ndiye aliyekuwa akiwanoa mnana. Ndege hawa wameshindana kwa maelfu ya miaka na wote wawili bado wapo. Nawaomba mlikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye mapendekezo.

4. Fundisho kutoka Marekani

Huko Amerika Kaskazini kuna ndege aitwaye Molothrus ater, mwenye kichwa cha kahawia na mwili mweusi. Zamani alifuata makundi ya nyati wa nyanda za katikati, akila wadudu walioinuliwa na kwato zao. Yangeyange wetu naye hufuata ng'ombe namna hiyo, ila yangeyange hujenga kiota chake mwenyewe. Molothrus hajengi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 40 kwa msimu, na mayai ya aina hii yamekutwa katika viota vya aina zaidi ya 220 za ndege.

Walowezi walipokata misitu na kuleta ng'ombe na mashamba ya nafaka, Molothrus alienea mashariki na kukutana na ndege wasiomjua. Mmoja wao ni ndege mwimbaji wa manjano, Setophaga kirtlandii, ambao karibu wote hutaga katika jimbo la Michigan, chini ya misonobari michanga ya aina ya Pinus banksiana. Mwaka 1961 walihesabiwa madume 502 waliokuwa wakiimba. Mwaka 1971 walibaki 201. Uchunguzi wa miaka hiyo ulionyesha kuwa viota karibu 70 katika kila 100 vilikuwa vimevamiwa na Molothrus.

Kuanzia 1972 serikali iliweka mitego na kuondoa maelfu ya Molothrus kila mwaka. Uvamizi ulishuka mpaka viota vichache tu katika kila mia, na kila jozi ikalea makinda wengi zaidi. Watu walitegemea kuwa idadi ingepanda mara moja. Haikupanda. Mwaka 1974 walihesabiwa madume 167. Mwaka 1987, baada ya miaka 15 ya mitego, walihesabiwa tena 167.

Kilichokosekana ni makazi. Misonobari ile huhitaji moto ili mbegu zake zitoke, na ndege yule huihitaji ikiwa michanga, ya umri wa miaka mitano hadi 20 hivi. Moto ulikuwa ukizimwa kwa miaka mingi na misitu ilizeeka. Mwaka 1980 moto mkubwa uliunguza eneo la Mack Lake, na misonobari michanga ikaota kwa wingi. Mashamba mengine ya misonobari yakapandwa kwa makusudi. Ilipofika miaka ya 1990 ndege wakaongezeka kwa kasi. Mwaka 2001 walipita madume 1,000, na Oktoba 2019 wakaondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Mitego ilipopunguzwa katika miaka ya mwisho, uvamizi ulibaki mdogo sana.

Fundisho liko wazi. Mitego ilizuia ndege wasiishe. Makazi ndiyo yaliyowarudisha.

5. Hali yetu Haut-Lomami

Jimbo letu lina ndege mwimbaji ambaye hapatikani penginepo popote duniani. Jina lake la kitaalamu ni Estrilda nigriloris. James Chapin, Mmarekani aliyewachunguza ndege wa Kongo kwa miaka mingi, alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Anaishi kwenye nyasi ndefu za bonde la Lualaba na ziwa Upemba. Anafanana na ndugu yake wa kawaida, Estrilda astrild, ambaye mnamwona kila siku, ila mstari unaopita jichoni ni mweusi badala ya mwekundu. Baada ya 1950 miongo mingi ilipita bila mtaalamu kuleta habari zake. Katika jimbo jirani la Haut-Katanga kuna mnana, Ploceus ruweti, anayejulikana kwenye ziwa Tshangalele lililotokana na bwawa la Mwadingusha. Alitambulishwa mwaka 1982.

Ndege wenye eneo dogo namna hii ndio wanaoweza kuumizwa na mvamizi. Estrilda astrild, ndugu wa nigriloris, ndiye mwenyeji mkuu wa fumbwe, na kekeo hufuata mnana popote walipo. Penye viota vingi, vikivamiwa kumi vinabaki mamia. Penye viota ishirini, kumi ni nusu ya kizazi.

Na viota hupunguzwa na nani? Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliundwa mwaka 1939, nayo ina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, lakini ndege hawajui mipaka ya ramani. Huku Kaniama tunalima mahindi. Mashamba ya Service National (huduma ya taifa) ya Kaniama-Kasese yanajulikana nchi nzima. Tunafuga ng'ombe. Tunachoma makala. Kazi hizo ndizo zinazotulisha, na sikuja kuzilaani. Tatizo ni moto wa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Moto huo huingia mpaka kwenye mabonde ya maji, kimbilio la mwisho la ndege wa nyasi. Majaribio ya moto ya Kasapa, karibu na Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1965, yalionyesha kuwa moto wa kuchelewa huua miti ya miombo na kuligeuza pori kuwa nyasi tupu, hali moto wa mapema huiachia miti nafasi ya kupona.

6. Mapendekezo

Kwanza, tusiue kekeo, fumbwe wala kiongozi-asali. Wao na wenyeji wao wameishi pamoja siku zote, na kuwaua hakutarudisha hata kiota kimoja kilichoungua.

Pili, anayelazimika kuchoma nyasi achome mapema, Mei au Juni, kidogo kidogo, na aache ukanda usiochomwa kando ya kila mto na bonde.

Tatu, wafugaji wapokezane malisho ili kila mwaka kuwe na nyasi ndefu zisizokanyagwa wakati wa mvua.

Nne, walimu waanzishe daftari la viota shuleni: tarehe, mahali, mwenye kiota, idadi na rangi ya mayai. Mtoto aangalie bila kugusa. Atakayemwona kindege wa mstari mweusi jichoni aandike na kupiga picha, na habari zifikishwe ICCN, wasimamizi wa hifadhi.

7. Hitimisho

Ndugu zangu, yai la mgeni ni kosa dogo kulinganisha na kiberiti mkononi mwa mtu. Kekeo anachukua kiota kimoja. Moto wa Oktoba unachukua bonde zima. Kiangazi kijacho kila kijiji kilichowakilishwa hapa kichague bonde moja lisilochomwa, wakubwa wa kijiji walitangaze mbele ya watu wote, na shule ihesabu viota vyake mvua zikinyesha. Tuanze na hilo.