Sabuni ya Mashine ya Kuosha Vyombo: Yenye Fosfeti au Isiyo na Fosfeti?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa maji wa kaunti na wakazi mjini Nyeri. Tumeyafupisha kidogo ili yatoshee hapa.

Nimeombwa nizungumzie sabuni ya mashine ya kuosha vyombo. Najua kuna mtu hapa anajiuliza, mashine gani tena, na kwetu vyombo huoshwa kwenye karai? Ni kweli, wengi wetu huosha kwa mkono, na huko nitafika. Lakini mashine hizi zimeanza kuingia kwenye nyumba mpya na kwa wale wanaorudi kutoka ng'ambo, na swali ninaloulizwa ni moja: ninunue sabuni iliyoandikwa kuwa haina fosfeti, au ile ya kawaida ambayo watu husema ina nguvu?

Nianze na dada yangu, naye ameniruhusu kumtaja. Aliishi London miaka mingi. Aliporudi kujenga hapa, mashine yake ya kuosha vyombo ilikuja naye ndani ya kontena. Maji ya London ni magumu, yamejaa chokaa, na birika lake la huko lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Alikuwa amezoea kutia sabuni kwa ukarimu. Huku akapata mahali panapouzwa vidonge vyenye fosfeti, akavinunua kwa katoni. Alisema vile visivyo na fosfeti ni vya watu wanaopenda mito kuliko vyombo.

Mama alikuwa amempa glasi sita za harusi yake, zilizokaa kabatini tangu sisi ni watoto na hazikuguswa ila siku ya wageni. Baada ya miezi michache kwenye mashine, glasi zikaingia ukungu. Dada akaongeza sabuni, na ukungu ukazidi. Akanipigia simu: "Si wewe ndiye mtu wa maji? Njoo uone maji yenu yanavyoharibu glasi za mama."

Nilikwenda na siki. Ukungu ukiwa ni chokaa, siki huutoa mara moja. Nilisugua glasi ya kwanza, nikasugua ya pili, na ukungu haukutoka. Kioo chenyewe kilikuwa kimeliwa, na kioo kikishaliwa hakuna dawa.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu jibu la swali lenu limo humo.

Fosfeti huwekwa kwenye sabuni ya mashine hasa ili kupambana na maji magumu. Maji magumu yana kalisiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo huizuia sabuni kufanya kazi, kisha huacha utando mweupe kwenye vyombo. Fosfeti huyakamata madini hayo na kuyashikilia. Husaidia pia uchafu uliotoka kwenye sahani moja usirudi kukaa kwenye nyingine. Ni kazi nzuri, na sitaikejeli. Mtu wa London au wa mahali pengine penye chokaa alikuwa na sababu ya kuitaka.

Lakini maji yetu ya mfereji hapa mjini hutoka Mto Chania, unaoshuka kutoka Aberdare. (Chania yetu, si ile ya Thika, watu huzichanganya.) Karatina wana Mto Ragati kutoka Mlima Kenya. Haya ni maji ya mvua na ya msitu, yaliyopita juu ya mawe ya volkano. Hayakukaa kwenye mawe ya chokaa, kwa hiyo ni laini. Nyinyi wenyewe mnajua dalili zake: kipande kidogo cha sabuni kinatoa povu mpaka kusuuza kunachosha, na birika la chai linakaa miaka bila ukoko. Katika maji ya namna hii fosfeti haina adui wa kupigana naye. Na maji laini, yakiwa moto na yakijazwa sabuni kali kupita kiasi, huanza kula kioo. Dada yangu alikuwa akilipia dawa ya ugonjwa ambao maji yake hayana, na dawa hiyo ndiyo iliyomharibia glasi.

Wale wa Kieni msiondoke na jibu hili kabla ya kupima. Maji ya kisima kirefu hukaa ndani ya mwamba muda mrefu na huweza kubeba madini zaidi. Kupima ni rahisi. Chukua chupa safi yenye kifuniko, tia maji hadi nusu, kwangua sabuni ya kipande kidogo kama punje ya mahindi, funga, tikisa kwa nguvu. Maji yakitoa povu jingi linalokaa, na chini yake yakabaki karibu angavu, ni laini. Povu likiwa haba na maji yakageuka kama maziwa yaliyokatika, ni magumu.

Je, sabuni isiyo na fosfeti husafisha kweli? Zamani kidogo lawama zilikuwa za haki. Mwaka 2010 majimbo kadhaa ya Marekani yalipopiga marufuku sabuni ya mashine ya nyumbani yenye fosforasi zaidi ya asilimia 0.5, watu wengi walilalamika kwamba sahani zinatoka na unga mweupe. Watengenezaji walikuwa wameegemea mno magadi, aina ileile inayochimbwa kwetu Ziwa Magadi. Magadi yakikutana na maji magumu hufanya chokaa, na chokaa hutua kwenye vyombo. Tangu hapo wameongeza sitreti, ambayo ni ndugu ya asidi ya limau, pamoja na vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja hula wanga, kingine hula protini. Kwa sahani zetu, zenye ugali, mukimo na uji uliokauka, hicho cha wanga ndicho mfanyakazi halisi. Ila vimeng'enya vinahitaji muda, na joto likizidi sana hufa, kwa hiyo usichague mzunguko mfupi wa haraka halafu ulaumu sabuni. Jambo jingine ni vikombe vya chai. Sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha ya oksijeni itaacha alama ya kahawia, iwe ina fosfeti au haina. Sisi ni watu wa chai, basi angalia pakiti kama dawa hiyo imo.

Mwenye maji magumu anunue yenye sitreti, na aweke chumvi ya mashine mahali pake. Mwenye maji laini aishushe mashine kwenye kipimo cha chini cha ugumu wa maji, aanze na nusu ya sabuni iliyoandikwa, na aongeze ikiwa tu vyombo havitoki safi. Nusu hiyo peke yake itawaokolea pesa kuliko kubadilisha chapa.

Nimekaa sana kwenye vyombo. Sasa tuufuate mfereji wa maji machafu.

Fosforasi ni chakula cha mimea. Mkulima yeyote hapa anaijua, maana ndiyo anayoinunua kwenye DAP. Ikiingia kwenye maji yaliyotulia, hulisha mwani na magugu. Mwaka 1973, huko Ontario nchini Kanada, wanasayansi waligawanya ziwa dogo kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, na upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kibichi. Majaribio ya namna hiyo yalizipa serikali nguvu ya kuibana sabuni. Ulaya ilifika kwenye sabuni ya mashine za nyumbani tarehe 1 Januari 2017, ambapo kiwango kiliwekwa gramu 0.3 za fosforasi kwa kipimo kimoja cha kuosha.

Huko ni mbali, lakini maji yetu nayo yana safari. Chania na Gura huishia Sagana, Sagana ndiyo Tana, na Tana husimama Masinga, kwenye bwawa lililokamilika 1981, kabla ya kuendelea Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mnaoishi Naro Moru, maji yenu huenda upande mwingine, Ewaso Ng'iro, kuelekea Kinamasi cha Lorian. Kuna mtu na mifugo yake mwisho wa kila mto.

Hata hivyo nisiwatishe kwa hesabu isiyo sawa. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una kilo 10 hivi za fosforasi. Kidonge cha gramu 20, ikiwa asilimia 30 yake ni fosfeti ya kawaida ya sabuni, kina gramu moja na nusu. Ukiosha mara moja kila siku, itakuchukua miaka 18 kumaliza fosforasi ya mfuko mmoja. Mtu akiuliza kwa nini tunasumbua mashine ya jirani huku shamba linamomonyoka kando ya mto, ana hoja, na mmomonyoko huo ni kazi kubwa kuliko hii.

Tofauti iko njiani. Udongo wetu mwekundu huishika fosforasi kwa mikono miwili. Ndiyo maana mbolea huwekwa karibu na mbegu. Maji ya nyumba yenye shimo lake la kunyonya maji hupita kwenye udongo huo kwanza, na sehemu kubwa hubaki humo. Lakini nyumba iliyounganishwa na bomba la majitaka, au ile iliyoelekeza sinki kwenye mtaro, haina udongo wa kuizuia. Mitambo ya kawaida ya majitaka hujengwa kuondoa uchafu unaooza na kupunguza vijidudu, na fosforasi nyingi huipita. Ukiwa mjini, basi, una sababu mbili za kuiacha sabuni yenye fosfeti: maji yako hayaihitaji, na bomba lako halitaizuia.

Kwa sisi wa karai, habari ni fupi na nzuri. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono, ya dukani au ile ya ungarol na ufacid inayotengenezwa na vikundi vya akina mama, kwa kawaida haina fosfeti. Usilipe zaidi kwa sababu chupa imeandikwa "phosphate free". Ni kama kuuziwa maji yasiyo na mifupa. Neno hilo lina maana kwenye sabuni ya mashine, na kwenye baadhi ya sabuni za unga za nguo. Ukisoma pakiti tafuta "phosphate" au "tripolyphosphate". "Phosphonate" ni kitu kingine, na huwekwa kidogo sana.

Kuna jambo moja ambalo sabuni zote mbili ziko sawa. Sabuni ya mashine ni kali, huunguza mdomo na koo, na vidonge vyake vinafanana na peremende. Iwekwe juu na ifungwe, wala isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akimeza, msafishe mdomo kwa maji, usimtapishe, mkimbize hospitalini na pakiti mkononi. Na maji yanayotoka kwenye mashine usimwagie sukuma wiki. Magadi na chumvi zake huharibu udongo, fosfeti iwepo isiwepo.

Glasi nne za mama bado ziko kwa dada, na mama hunywea maji humo bila kusema neno, jambo linalomuumiza dada kuliko kama angesema. Mbili nilizichukua mimi, ndizo hizo hapo mezani. Zishikeni, mziinue kwenye mwanga. Kando yake kuna chupa tupu, kisu na sabuni ya kipande. Nimeambiwa watu watatu wamekuja na maji ya visima. Tuanze na yale ya Kieni.