Eneokazi Huria la Xfce: Nguvu na Upungufu Wake kwa Kompyuta Kongwe

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Mohoro



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka hadi leo. Lakini kila ufa wa usalama unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo hubaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata huduma ya nyongeza, nayo ni ya muda tu. Windows 11 nao hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa shule yenye kompyuta za msaada, au kijana aliyenunua kompyuta mpakato ya mtumba ili afungue duka la stesheneri, swali ni zito: je, mashine hiyo itupwe?

Mazungumzo haya yanahusu njia mojawapo ya kuiokoa, faida zake na gharama zake.

Kwanza ifahamike maana ya eneokazi. Mfumo endeshi ndio unaoiamsha mashine na kuiongoza. Eneokazi ni kile ambacho mtumiaji hukiona: madirisha, vitufe, upau wa chini na kabati la mafaili. Katika Windows viwili hivyo huja pamoja. Katika Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, mtumiaji huchagua eneokazi alitakalo: GNOME, KDE Plasma, MATE au mengineyo. Xfce ni mojawapo, nalo lilianzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan wa Ufaransa. Toleo lake la awali lilitegemea maktaba ya programu ambayo leseni yake haikuwa huria, na kwa sababu hiyo Red Hat walikataa kulisambaza. Fourdan aliliandika upya juu ya msingi huria. Tangu hapo kila mtu anaruhusiwa kulitumia, kulinakili, kulibadili na kumgawia jirani bila kuvunja sheria.

Nguvu yake ya kwanza ni wepesi. Wakazi wa delta wanajua kwamba mtumbwi hupita kwenye mfereji ambamo jahazi hukwama maji yanapokupwa. Xfce ni mtumbwi wa namna hiyo. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, inayosuasua hata kabla ya kufungua kazi yoyote, huweza kuandika barua, kutunza daftari la mahesabu na kuchapa mitihani ikiwa na eneokazi hili.

Nguvu ya pili ni uhalali. Flashi moja yenye Linux huweza kusimika mfumo katika kompyuta ishirini za darasa, na hakuna leseni iliyoibwa. Hili si jambo dogo, kwa kuwa nakala za wizi za programu mara nyingi huja na virusi ndani yake. Aidha, vile virusi vya flashi vinavyoficha makabrasha ya mteja na kuweka njia za mkato badala yake viliandikwa kwa ajili ya Windows, navyo havifanyi kazi katika Linux. Hata hivyo hubaki ndani ya flashi, na mteja huweza kuvipeleka kwingine.

Nguvu ya tatu ni utulivu. Sura ya Xfce haibadiliki ovyo. Mwalimu aliyejifunza mahali pa vitufe mwaka huu atavikuta palepale miaka kadhaa ijayo.

Utulivu huohuo, hata hivyo, una upande wa pili. Waendelezaji wa Xfce ni wachache na wengi wao hujitolea. Toleo la 4.12 lilitoka mwaka 2015, na la 4.14 likasubiriwa hadi 2019. Atakaye mambo mapya kila msimu hatayapata hapa.

Upungufu wa pili ni kwamba wepesi wa eneokazi hauupunguzi uzito wa kivinjari. Maombi ya leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, maombi ya ajira katika Ajira Portal na maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa HESLB yote hufunguliwa kwa kivinjari, kwa hiyo kuhamia Linux hakumfungii mtu mlango wa huduma hizo. Lakini kurasa nyingi zikifunguliwa kwa pamoja, mashine yenye gigabaiti 2 italemewa hata ikiwa na Xfce. Mtumbwi hupita penye maji haba, ila haubebi shehena ya jahazi.

Upungufu wa tatu ni programu na vifaa. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, lakini majedwali na nafasi za maandishi huweza kusogea. Photoshop haina toleo la Linux. Mwenye stesheneri anayesanifu kadi za harusi kwa Photoshop atapaswa kujifunza programu nyingine, kama vile GIMP au Inkscape. Ziko pia printa na kadi za Wi-Fi ambazo hukataa kufanya kazi mpaka atafutwe kiendeshi maalumu, na huenda kisipatikane.

Upungufu wa nne ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilithibitika kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini tafsiri ya programu ni kama shamba: isipopaliliwa, magugu hurudi. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na wafasiri wasipoendelea, Kiingereza hurejea. Ndiyo maana menyu nyingi za programu huria bado ni za Kiingereza, ingawa leseni inamruhusu mwalimu yeyote wa Kiswahili kuzitafsiri.

Upungufu wa tano ndio mkubwa kuliko yote, nao ni fundi. Windows ikiharibika, wapo mafundi wengi wenye kuijua. Linux ikiharibika, inafaa kujulikana mapema ni nani, Mohoro, Ikwiriri au Kibiti, atakayeitengeneza. Shule isiyo na jibu itarudisha kompyuta zake stoo baada ya hitilafu ya kwanza. Programu haina bei, lakini ujuzi una bei, nao hulipwa kwa muda na subira.

Kwa hiyo anayefikiria kuhama afuate hatua nne. Kwanza, anakili mafaili yake yote katika diski ya nje, na nakala hiyo aihifadhi mahali pa juu au kwa ndugu wa mbali. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliikumbusha Rufiji na Kibiti kwamba maji hayabagui baina ya gunia la mpunga na faili la ofisi. Pili, awashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuisimika, ajaribu printa, Wi-Fi na sauti, kisha azime. Windows yake itabaki salama. Tatu, aorodheshe kazi anazozifanya kila wiki na aone kama zote zinawezekana. Nne, ikiwa ni taasisi, ianze na kompyuta moja na iwafunze watu wawili, ili mmoja akihamishwa mwingine abaki.

Atakayezipitia hatua hizo na kuona kazi zake zinakwenda, Xfce litamwongezea miaka ya matumizi kwa mashine iliyokuwa ikielekea jalalani. Atakayeona zimekwama hatakuwa amepoteza kitu, kwa kuwa jaribio la flashi halikugusa chochote.