Mtoto Asiyekula Si Lazima Awe Amedeka



Katika mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah nchini Oman, huko Ibra, Sur na Nizwa, zimo nyumba zenye udugu na Unguja, Pemba na Mombasa, na Kiswahili kingali kikisikika humo. Jamaa hula pamoja, wakilizunguka sinia moja la wali. Basi mtoto akijitenga, akaziba pua, au akatapika kwa kuguswa tu na harisi inayonata, lawama humwangukia mama: amemdekeza.

Wataalamu wanaona vingine. Mwaka 1972 Mmarekani A. Jean Ayres alichapisha kitabu kilichoeleza kuwa ubongo wa baadhi ya watoto hupata taabu kuzipanga habari zinazoletwa na ngozi, ulimi, pua na masikio. Kwa mtoto wa namna hiyo, punje ya wali ulimini yaweza kuudhi mfano wa mchanga jichoni. Nadharia hiyo ingali ikijadiliwa; mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitahadharisha kuwa ushahidi wa tiba yake ni mchache. Hata hivyo, taabu ya kula si ya kubuni. Utafiti wa Oman uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta upungufu wa folate na vitamini B12 kwa watoto waliotambuliwa karibuni kuwa na usonji.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo haanzi na kijiko. Kwanza chakula kigeni huwekwa karibu tu; kisha huguswa, hunuswa, hufikishwa mdomoni, ndipo huonjwa. Hatua moja yaweza kuchukua wiki kadhaa. Mtoto anayekubali mkate mkavu peke yake hapewi harisi kesho yake. Huongezewa tone la asali ya tende juu ya mkate ule ule. Kumshika kichwa na kumsukumia tonge huzidisha hofu.

Huduma hizi zimekusanyika zaidi Maskati, kilomita zaidi ya 100 kutoka Ibra au Nizwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hubaki nyumbani: mtoto akae na wenzake, sahani yake ikiwa kando ya sinia, bila ya kukemewa wala kuchekwa.

Lakini anayepaliwa kila amezapo, au anayepungua uzito, afikishwe kwa daktari kwanza, maana huenda ana maradhi ya koo au tumbo.