Ukuta Wenye Maji na Kifua cha Mutoto

Mazungumzo na wamama wa kliniki ya watoto



Leo hatuzungumzi juu ya uji wala chanjo. Tunazungumza juu ya ukuta wa chumba munamolala.

Mama mumoja hapa Kisangani alituletea mutoto wake mara nyingi, siku zote kwa kikohozi. Usiku kifua chake kililia kama filimbi. Tulimpa dawa, akapata nafuu, kisha juma mbili akarudi. Mwishoni tukamwomba mama atuonyeshe nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri ya sima, yenye klimatizeri, ile mashini ya kutia baridi. Lakini nyuma ya kitanda cha mutoto ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na godoro lilinuka. Mama akasema: «Munganga, napanguza kila juma, lakini inarudia tu.»

Alipanguza ukungu, lakini hakufunga njia ya maji. Shikeni neno hili: ukungu unafuata maji. Maji yakibaki, utarudi.

Maji yanatoka wapi? Munaona chupa ya chanjo tunapoitoa katika frigo: mara moja inalowana inje, na hakuna mutu aliyeimwangia maji. Yametoka katika hewa. Hewa ya joto inabeba maji. Ikigusa kitu cha baridi, inayaacha pale. Klimatizeri inafanya vilevile. Inakamua maji katika hewa, na sharti yapite katika mupira yaende inje. Katika ile nyumba mupira ulikuwa umeziba kwa uchafu, na maji yalishuka polepole ndani ya ukuta.

Wewe usiye na klimatizeri, usiseme: «Hii si habari yangu.» Hapa kwetu mvua haikosi mwezi hata mumoja. Bati lenye tundu, maji ya mvua yanayorukia chini ya ukuta, nguo zinazoanikwa chumbani, sufuria inayochemka katika nyumba iliyofungwa: vyote vinaleta ukungu uleule.

Ukungu unatoa mbegu ndogo sana, macho hayazioni, na mutoto anazivuta. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa mwongozo juu ya jambo hili: wanaokaa katika nyumba yenye unyevu na ukungu wanapatwa zaidi na kikohozi, kifua kulia na pumu.

Basi, fanyeni hivi:

1. Tafuta kwanza njia ya maji. Ziba bati, chimba mufereji maji ya mvua yaende mbali na ukuta.

2. Klimatizeri ikiwaka, angalia kama maji yanatoka inje. Kama siku ya joto hakuna hata tone, mwite fundi azibue mupira. Mara mbili kwa mwezi zima umeme, toa chujio, ulioshe kwa sabuni, likauke ndipo ulirudishe. Usitie baridi kali, 25 inatosha. Umeme ukikatika, fungua madirisha.

3. Kitu kilicholowana kikauke mbele ya siku mbili kupita. Godoro liende juani. Kitanda kikae mbali kidogo na ukuta.

4. Ukipanguza ukungu, watoto watoke, ufunge kitambaa puani. Sugua kwa brosi, maji na sabuni, kisha ukuta ukauke kabisa. Ukitumia javeli, usiichanganye na dawa ingine yoyote, sababu mvuke wake unaunguza mapafu. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu.

5. Usiwashe mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa ili kukausha ukuta. Hewa yake mbaya haina harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Hata wazee wa zamani walijua. Someni Walawi 14: nyumba yenye mabaka ilitolewa vitu, mawe mabaya yakatupwa, ukuta ukakwanguliwa. Hawakuyafunika.

Lakini si kila kikohozi kinatoka ukutani. Mutoto akipumua haraka, mara 50 ao zaidi kwa dakika kama hajatimiza mwaka, mara 40 ao zaidi kama ana mwaka mumoja mpaka mitano, ao kifua kikibonyea ndani akivuta hewa, ao akikataa ziwa, mulete palepale, hata usiku. Kikohozi kikipita juma mbili, mulete tupime.

Yule mama alizibua mupira, akatupa godoro, akasogeza kitanda. Mutoto hakuacha kukohoa siku ileile. Lakini sasa analala usiku, na mama yake naye analala.

Mukifika nyumbani leo, vuteni kitanda na kupitisha mukono ukutani, nyuma yake. Ukilowana, kazi ianze. Mukiwa na maulizo, tuko hapa.