Kipaji si Kibali cha Kuonea Watu

Juma hili namzungumzia mtu aliyeidharau mitambo inayowafikishia sauti yangu.

Sergiu Celibidache alizaliwa Romania mwaka 1912, akafariki Ufaransa mwaka 1996. Alikuwa kiongozi wa okestra, fundi wa mafundi. Mwaka 1945, Berlin ikiwa magofu ya vita, alikabidhiwa okestra kuu ya mji huo akiwa na miaka 33 tu. Kuanzia 1979 hadi kifo chake aliongoza okestra ya Munich, akaipatia sifa kubwa.

Bwana huyu alizikataa santuri. Kwake yeye, muziki ulikuwa tukio la ukumbini, haufungiki katika sahani wala kanda. Wenzake waliotajirika kwa santuri hakuwabakizia. Karajan, mashuhuri kuliko wote, alimfananisha na Coca-Cola: kupendwa na umati tu.

Mpaka hapo ningeweza kumtetea. Kuchukia biashara ya muziki si kosa. Lakini ulimi uliozoea kudharau santuri haukawii kudharau watu.

Mwaka 1980 okestra ya Munich ilitafuta mpiga tromboni wa kwanza. Watahiniwa 33 walipiga nyuma ya pazia, wasionekane. Aliyeshinda alikuwa mwanamke Mmarekani, Abbie Conant. Mwaka 1982 akashushwa kuwa wa pili, kwa kuwa kiongozi alitaka mwanamume katika nafasi ile. Mama yule akaenda mahakamani. Alipimwa hata nguvu za mapafu, kana kwamba pumzi zake hazikuwa zimesikika tayari! Kesi zilichukua zaidi ya miaka kumi, na mwisho alishinda.

Nasi tunao wasanii wa namna hiyo. Wakitukana na kuonea, tunasema: "Mwacheni, ndivyo walivyo wenye vipaji." Mimi nalikataa neno hilo. Celibidache alidai kuutumikia muziki peke yake. Pazia lilipoondolewa, mbona masikio hayakutosha?

Baada ya kifo chake, familia iliruhusu santuri zitolewe. Nyingi zilitokana na kanda za vituo vya redio. Mitambo aliyoibeza ndiyo iliyomhifadhi. Nimezisikiliza, na kwa kweli ni muziki wa ajabu. Lakini uzuri wake haumrudishii mama yule miaka yake.

Tumsifu fundi kwa kazi yake, na dhuluma tuiite dhuluma.